Programu ya ramani niliyoilipia kwa hela yangu imekula sentimita zote za bikoni

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nafungua uzi.

Nimepima viwanja Kigamboni kwa RTK (GPS ya usahihi wa sentimita), bikoni, yaani alama za kona za viwanja, zimekaa ndani ya sentimita mbili. Nikaingiza data kwenye programu (jina sitaji, anayeitumia ataijua), nikageuza latitudo na longitudo kwenda UTM (koodineti za mita) kanda 37 Kusini, nikatoa orodha. Bikoni 46, nothingi (koodineti za kaskazini-kusini) zote zinaishia .000! Yaani mwenye shamba alikata viwanja kwa mita kamili bila kujua?

Nikawaandikia. Wakajibu: "Ongeza idadi ya desimali kwenye mipangilio." Nimeongeza. Sasa inaniandikia .000000. Ahsanteni sana.

Tatizo ni kwamba wanahifadhi koodineti kwa namba za desimali za biti 32 (float), ambazo zinabeba tarakimu saba hivi za uhakika. Huku kusini mwa ikweta nothingi inahesabiwa kwa kutoa umbali wa kutoka ikweta kwenye 10,000,000, kwa hiyo Kigamboni ipo kwenye milioni 9.24. Ukishavuka 8,388,608, namba ya biti 32 haishiki tena hata nusu mita, inaruka mita moja moja. Na Tanzania yote, Kagera mpaka Mtwara, iko juu ya hapo. Isitingi (za mashariki-magharibi) ziko laki tano na ushee, kwa hiyo zenyewe zinaruka sentimita 6 tu. Matokeo yake kiwanja cha 20 kwa 20 kinatoka kimepinda, bikoni nyingine imesogea karibu nusu mita.

Kinachoniuma, kanuni yenyewe ya kugeuza kwenda UTM haina shida. Mtaalamu Krüger aliichapisha 1912, mwenzake Karney akaisukuma 2011 hadi usahihi wa nanomita. Hawa wanapima dhahabu kwa mizani ya sonara halafu wanaandika uzito kwa debe!

Kuhamia biti 64 kungeongeza baiti 368 kwa bikoni zangu zote. Stika moja ya WhatsApp inazidi hapo. Kama biti 32 wanazitaka kwa ajili ya kuchora haraka kwenye skrini, si wapunguze kwanza kwenye kila koodineti namba ya kianzio cha karibu, wachore tofauti iliyobaki? Faili waliache na namba za biti 64.

Jana mteja kanipigia, jirani yake kavuta kamba ya msingi kwa kufuata orodha yangu na imeingia kwake. Nimerudi site kwa nauli yangu. Leseni yao inaisha Ijumaa, na kunikumbusha kulipia hawajasahau hata siku moja.

Nani hapa anatumia kitu kingine kwa kazi za viwanja? Tafadhali fungua orodha yako ya nothingi kwanza, ndiyo unijibu.