Nyonga ya kushoto inauma wiki ya tatu sasa na maratoni ni mwezi wa kumi, nisimame au niendelee?

mbio_silversands (Malindi)

Salaam wanamichezo, habari za huko mliko. Naomba ushauri manake nimefika mahali sijui nifanye nini. Nafanya mazoezi ya maratoni ya Nairobi ya mwezi wa kumi, ile kamili ya kilomita 42, ndiyo itakuwa yangu ya kwanza, 21 nshakimbia mara mbili bila shida. Sasa ni wiki tatu nyonga ya kushoto inauma, kwa nje, pale kwenye mfupa unaotokeza pembeni ukijipapasa. Nikianza kukimbia inauma kidogo halafu inapoa, nafikiria imeisha, nikifika kilomita ya sita au ya saba inarudi na ikirudi imerudi kweli. Nikishaoga nikakaa kitako kidogo, hatua za kwanza nikiinuka nachechemea. Usiku kulalia ubavu wa kushoto siwezi, nikijigeuza usingizini naamka.

Ratiba yangu mwezi wa sita nilikuwa nafanya kilomita 35 kwa wiki, sahi niko 60, na ile mbio ndefu ya Jumapili imetoka 14 ikafika 24. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya kazi, nashukia karibu na mnara wa Vasco da Gama, nafuata ufuo wa Silversands naelekea Casuarina hadi karibu Mayungu nikipata nguvu, halafu kurudi napanda juu narudi na barabara ya lami manake jua lishatoka na mchanga umechosha.

Nshajaribu barafu, bibi yangu amenichua na mafuta ya nazi siku nne, nimekuwa nikijinyoosha kwa kulivuta goti mpaka bega la upande wa pili, na daiklofenaki ya duka la dawa nameza asubuhi ya mbio ndefu. Hiyo dawa kusema kweli inanyamazisha, lakini Jumatatu ni balaa. Ada nshalipa na nia niliiweka tangu Januari, kwa hivo roho inaniuma kuliko hata hiyo nyonga. Aliyewahi kupitia hii anisaidie.

chuma_cha_pwani

Kaka maratoni ni maumivu, hakuna njia nyingine. Wale wakimbiaji wa kule Iten unadhani hawaumwi? Kipchoge angekuwa anasimama kila nyonga ikimkaza angefika wapi. Kaza, mwili utazoea, mimi goti lilinisumbua mwezi mzima nikakimbia nalo hivo hivo likapona lenyewe.

mama_alfajiri (Malindi)

Mwanangu mbio_silversands soma hii yote kabla hujatoka kesho. Na wewe chuma nakuheshimu lakini hilo neno "kaza" ndilo lilikaribia kunivunja mguu, nasema kwa maana yake halisi.

Mimi nilikuwa najiandaa na 21, umri wangu 38, watoto wawili. Mazoezi yangu yaliangukia Ramadhani, nikawa nakimbia baada ya tarawehe na kwenye futari nakula kidogo manake chakula kingi kilinifanya mzito. Nikapungua mwili watu wakanisifu. Siku zangu zikakata miezi mitatu, nikasema ni uchovu. Halafu nikaanza kuumwa, lakini siyo pembeni kama wewe, mimi ilikuwa ndani, kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Mwanzo nikikimbia tu, halafu nikipanda ngazi, halafu hata nimelala. Nikaenda zahanati moja nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa mzima hauna kitu, ni msuli, kunywa dawa endelea. Nikaendelea wiki tatu nyingine. Kila mtu ananiambia kaza.

Siku niliyoshindwa kuinua mguu kuingia kwenye tuktuk ndipo mume wangu akanipeleka Mombasa, nikafanyiwa MRI, ile picha inayoonyesha mpaka ndani ya mfupa. Kumbe kulikuwa na ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, pale mfupa unapoingia kwenye nyonga. Daktari alinieleza kuwa ufa kama huo wiki za mwanzo eksirei inaweza isiuone kabisa, na ukizidi mfupa ukakatika ni upasuaji na misumari, na damu ya kichwa cha mfupa inaweza kukatika ukaishi na nyonga mbovu. Nilitembea na magongo wiki sita. Nikakimbia tena baada ya miezi mitano, dakika moja moja. Alinipima na vitamini D ikawa chini, akaniambia chakula kidogo na mbio nyingi ndivyo vilivyokausha mifupa, na kule kukata kwa siku zangu kulikuwa ni mwili unalia.

Kwa hivo swali langu kwako ni moja tu. Una uhakika ni nje? Kinena hakikuumi hata kidogo?

fizio_pwani

Ahsante mama_alfajiri, umeuliza swali ambalo ningeuliza la kwanza. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, siwezi kumpima mtu kwa maandishi, lakini nitasema ninavyowaambia wakimbiaji wanaokuja kwangu.

mbio_silversands, fanya hivi leo. Lala chali, mtu wa nyumbani aushike mguu wako wa kushoto ukiwa umenyooka auzungushe taratibu ndani na nje kama anayeviringisha chupa. Halafu simama kwa mguu wa kushoto peke yake sekunde 30, kidole kimoja kwenye ukuta usianguke. Ukiumwa kinenani kwa lolote kati ya hayo, au ukiumwa usiku hata kama hukulalia upande huo, au unachechemea ukitembea tu, basi hakuna kukimbia hata mita mia mpaka upigwe picha, na eksirei safi isikutulize. Usijijaribu kwa kuruka ruka na mguu mmoja, watu wanaambiana hivo na kama kuna ufa unauongeza.

Kama kinachouma ni pale pale pembeni kwenye mfupa, na kusimama kwa mguu mmoja kunakiamsha, mara nyingi ni kano za misuli ya tako, yaani zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa. Zinashika kwenye huo mfupa, kazi yake kubwa ni kuzuia kiuno kisianguke upande wa pili kila ukikanyaga. Ukikimbia ni mguu mmoja mmoja chini, mzigo mara kadhaa ya uzito wako, na wewe umetoka 35 ukaenda 60 na mbio ndefu umeiongeza kilomita 10. Misuli hupata nguvu haraka, kano ni pole pole, ndiyo maana pumzi unayo lakini nyonga imekataa.

Hiyo kano inachukia kubanwa kwenye mfupa. Kwa hivo acha kukunja nne ukikaa, kwenye kiti au kwenye baraza. Acha kusimama ukiegemea nyonga moja. Lalia ubavu wa kulia na uweke mto katikati ya magoti, mto mzima siyo kitambaa. Na ule mnyoosho wa kuvuta goti hadi bega la pili uache leo leo, unaibana kano pale pale inapouma, hata kama wakati unaufanya unasikia raha. Bibi mpe heri yake lakini asikandamize juu ya mfupa, achue tako na paja.

Dawa: usimeze daiklofenaki ili ukimbie. Inazima kengele, na kwa joto la huku umetoka jasho lita nzima, figo zinapata taabu. Sindano ya steroidi watu huniuliza sana, inatuliza, lakini kuna utafiti ulitoka 2018 Australia, watu 204 wenye maumivu haya haya ya pembeni ya nyonga, na wiki ya nane waliofundishwa mazoezi na jinsi ya kuishi na kano walikuwa bora kuliko waliodungwa. Hawakuwa wakimbiaji wa maratoni lakini kano ni kano.

Mazoezi sasa. Wiki mbili za mwanzo lala ubavu wa kulia na mto katikati ya magoti, jifanye unataka kuinua mguu wa kushoto uishie tu kupunguza uzito kwenye mto, ushike hapo sekunde 30 hadi 45, mara tano, kutwa mara mbili. Inauma kidogo halafu inatulia. Lala chali magoti umekunja, inua kiuno, ikizoeleka fanya na mguu mmoja. Baadaye ngazi, panda kidaraja kimoja polepole mbele ya kioo uone kiuno hakianguki. Halafu tyubu ya baiskeli iliyokatwa, ifunge juu ya magoti utembee pembeni kama kaa. Haya mazito fanya siku moja ruka moja.

Kukimbia siyo lazima uache kabisa kama ni kano. Pima maumivu kwa 10. Yakiwa hayapiti 3 na kesho asubuhi yamerudi kama jana, umekimbia sawa. Yakipita hapo umezidisha, punguza. Anza na 25 kwa wiki, hakuna spidi, hakuna mlima. Na hesabu hatua zako kwa dakika, kama ni 160 jaribu 168, hatua fupi za haraka, nyonga inapunguziwa mzigo kila kanyago.

mbio_silversands

Ahsanteni sana wallahi. Nimefanya na ndugu yangu sasa hivi. Kuzungusha mguu hakuna kitu kabisa, kinena kimya. Kusimama na mguu mmoja, sekunde ya kumi na tano ikaanza pale pale pembeni. Kukunja nne nakaa hivo kazini kutwa nzima, sikuwahi kufikiria. Mama_alfajiri pole kwa uliyopitia, dada yangu naye anakimbia na amefunga sana mwaka huu, nimemsomea hiyo yako yote.

Lakini nina swali. Kwa nini kushoto tu? Miguu yote miwili imekimbia kilomita zile zile.

wa_shela (Lamu)

Nimesoma njia yako mara mbili nikaona kitu, niruhusu. Mimi nakimbia huku Shela, ufuo wetu una kama kilomita 12 za mchanga na hakuna magari, kwa hivo mambo ya mchanga nimeyajua kwa kuumia.

Wewe unatoka kaskazini unaelekea kusini, bahari iko kushoto kwako. Ufuo unateremkia baharini, kwa hivo mguu wa kushoto uko chini na wa kulia uko juu njia nzima, kiuno kimelala upande mmoja kilomita kumi. Ungerudi na ufuo huo huo ingekuwa imebadilishana. Lakini unarudi na lami. Sasa niambie, barabarani unakimbia upande gani? Kama ni kushoto, magari yanatokea mgongoni, basi lami nayo ina mgongo katikati inateremka pembeni, na kushoto ndiko chini tena. Kwenda kushoto chini, kurudi kushoto chini, mara tano kwa wiki. Hizo nyonga zako mbili hazikufanya kazi moja.

Na jengine ni maji. Unatoka saa kumi na moja na nusu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani yetu hii maji yanajaa kama saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, kwa hivo ukifika ufuoni bado yamejaa na unabaki na ile kanda ya juu, mchanga laini na mteremko mkali. Yakipwa kama saa nne saa tano asubuhi ndiyo unaona ile sakafu ngumu tambarare, na wewe uko kazini. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, alfajiri maji yako chini chini, hayaendi mbali lakini unapata mchanga wa kukimbilia. Sasa hivi na upepo wa kusi unavuma ukielekea Casuarina unakupiga usoni, umeinama, umejikaza, juu ya mteremko.

Mimi nilivyofanya: bamvua sikimbii ufuoni alfajiri, natumia njia ya mbele kutoka mjini mpaka Shela, kilomita kama tatu, naenda narudi. Maji mafu naingia ufuoni, na kila dakika kumi nageuka, narudi nilikotoka, nageuka tena.

Na kwa ndugu yetu chuma, Kipchoge mwenyewe London Oktoba 2020 sikio lilimziba, nyonga na mguu vikamkaza, akamaliza wa nane, 2:06:49. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Sapporo na 2022 akaweka 2:01:09 Berlin. Mwaka mmoja mbaya haukummaliza.

chuma_cha_pwani

Nimesoma ya mama nikanyamaza. Sikujua kinena na pembeni ni vitu viwili tofauti. Kaka usikaze, fuata ya fizio.

mbio_silversands

Ni kushoto. Nakimbia kushoto, magari nyuma, miaka yote. Nimetoka nje nikaitazama ile lami na kweli imeinama, hata maji ya mvua yanakimbilia pembeni.

Fizio swali la mwisho, 42 mwezi wa kumi inawezekana? Zimebaki wiki tisa. Nambie ukweli.

fizio_pwani

Ukweli ni kwamba mimi ningekuwa wewe nisingeikimbia. Kano kama hiyo inataka wiki nane mpaka kumi na mbili za kazi ya taratibu, na mbio ndefu za 30 na zaidi ambazo 42 inazihitaji zingeangukia katikati ya hizo wiki. Na Nairobi iko juu, mita 1,700 na kitu, mtu wa kutoka usawa wa bahari pumzi inakata hatua zinaharibika. Waulize waandaaji kama unaweza kubadilisha uende mbio fupi zaidi. Ukifika wiki ya sita unakimbia 10 bila kupita 3 kwenye kipimo chetu, nenda ukakimbie 10 kwa raha. Siku usizokimbia ingia baharini maji ya kifuani, kimbia humo humo bila kukanyaga chini, nusu saa, moyo unafanya kazi nyonga imepumzika. Na barabarani hamia kulia uyaone magari, hilo hata bila nyonga.

mbio_silversands

Imeniuma lakini nimekubali. Nimewaandikia kuuliza kuhusu kubadilisha. Leo nimeanza ile ya mto, sekunde 30 tu nikatoka jasho.

wa_shela (Lamu)

Afadhali. Jumamosi mwezi ni nusu, maji mafu yanaingia. Alfajiri utapata mchanga mgumu hapo Silversands, anza na dakika ishirini tu, na ukifika ya kumi geuka.