Mkataba wa mradi wa utafiti chuoni: je, mimi ni mwajiriwa au mshauri elekezi?

mtafiti_wa_kati aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mwongozo. Nafanya kazi katika mradi wa utafiti wa afya ya jamii ulio chini ya chuo kikuu kimoja cha binafsi hapa Tanzania, na fedha zake zinatoka kwa wafadhili wa nje. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja na umekuwa ukihuishwa kila unapoisha, lakini unanitaja kuwa mshauri elekezi, yaani mtu wa nje anayelipwa kwa huduma, si mwajiriwa. Naripoti ofisini kila asubuhi, ratiba yangu hupangwa na mtafiti mkuu, na vifaa vyote ni vya mradi. Malipo yangu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ile ya malipo ya huduma badala ya kodi ya mshahara. Sina mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wala likizo ya mwaka. Mwenzangu tunayekusanya naye takwimu zilezile ameajiriwa kama mhadhiri msaidizi kwa sababu ana vipindi vichache vya kufundisha, naye anapata stahiki zote. Ofisi ya rasilimali watu imenijibu kwamba nafasi za miradi hazimo katika muundo wa utumishi wa chuo, yaani mpangilio wa vyeo na ngazi zake. Je, jibu hilo linatosha kisheria?

afisa_rasilimali_watu:

Ndugu, hapo kuna mambo mawili yaliyochanganywa, na naona uchanganyaji huo unawaumiza vijana wengi. La kwanza ni kada. Vyuo vyetu kwa kawaida huwagawa watumishi katika wanataaluma, wafanyakazi wa kiufundi kama wale wa maabara, na waendeshaji. Ndani ya kundi la wanataaluma kuna ngazi ya ufundishaji inayopanda kutoka mhadhiri msaidizi, mhadhiri na mhadhiri mwandamizi hadi profesa mshiriki na profesa, na sambamba nayo kuna ngazi ya utafiti inayoanza na mtafiti msaidizi. Wakutubi wenye sifa za kitaaluma nao wana ngazi inayolingana na hizo. Kwa hiyo si kweli kwamba asiyeingia darasani hana mahali pa kuwekwa. La pili ni iwapo wewe ni mwajiriwa au la, na hilo haliamuliwi na muundo wa utumishi. Mtu anaweza kukosa cheo katika muundo huo na bado akawa mwajiriwa kamili wa chuo.

wakili_kazi:

Naunga mkono, na naongeza upande wa sheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kipo hata kimoja kati ya viashiria vilivyoorodheshwa, bila kujali sura ya mkataba. Miongoni mwa viashiria hivyo ni namna ya kazi au saa zake kuwa chini ya uelekezi wa mwingine, mtu kuwa sehemu ya taasisi, kupewa vitendea kazi, kumtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi, na kumfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Ulivyojieleza, unavyo zaidi ya kimoja, na sasa ni chuo kinachopaswa kuthibitisha kwamba wewe si mwajiriwa.

Ukomo wa fedha za mfadhili haubadilishi hali hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu, kwa hiyo chuo kingeweza kukuajiri kwa kipindi cha mradi, kikakukata kodi ya mshahara na kuwasilisha NSSF mchango wa asilimia 20, ambao kwa kawaida mwajiri na mwajiriwa huuchangia nusu kwa nusu. Angalia pia kifungu cha 36: kutohuishwa kwa mkataba kunaweza kuhesabika kuwa kuachishwa kazi pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio yenye msingi ya kuhuishiwa.

mtafiti_mkuu_mstaafu:

Nimeongoza miradi ya namna hii. Mara nyingi kosa huzaliwa wakati wa kuandika bajeti ya andiko la mradi: mshahara huandikwa kama kiasi kimoja, bila mchango wa mwajiri, mchango wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini wala likizo. Fedha zikishafika, jina la mshauri elekezi huwa njia ya kuziba pengo hilo, na anayelipa gharama ni yule anayelala vijijini akikusanya takwimu. Ninalipinga jambo hili waziwazi. Mwombe mtafiti mkuu wako aingize gharama hizo katika marekebisho yajayo ya bajeti. Wafadhili wengi huzikubali zikielezwa mapema.

mtafiti_wa_kati:

Nawashukuru sana. Mkataba mpya unaletwa mwezi ujao ukiwa na jina lilelile. Je, nikiusaini nitakuwa nimepoteza haki yangu?

wakili_kazi:

Hapana, kwa kuwa kifungu cha 61 hakiangalii sura ya mkataba. Hata hivyo, kabla ya kusaini andika barua ya kuomba hadhi yako irekebishwe, na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa, pamoja na ratiba na maagizo ya kazi. Wakikataa, unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, lakini usichelewe: mgogoro wa aina hii hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, na ukiachishwa kazi muda huo hushuka hadi siku 30.