Kuchangia ndege za wagonjwa: za huku Uingereza na za nyumbani Tanga

Kutoka: Katibu, Leicester

Assalaam aleikum, na habari za kazi wana Tanga wote.

Kikao kijacho kina mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. La kwanza, umoja wetu wa wana Tanga tulioko Uingereza umeombwa kuchangia helikopta ya wagonjwa ya eneo tunaloishi huku. La pili, baadhi ya wanachama wanataka fungu hilohilo litumike kuwalipia wazazi walioko Tanga uanachama wa ndege ya madaktari. Naomba wenye utaalamu waandike yanayofanyika hasa: nani hulipa, nini hutakiwa, na wapi mambo hukwama.

Kutoka: Mweka hazina, Reading

Waaleikum salaam, katibu.

Nianze na la huku. Helikopta za wagonjwa Uingereza karibu zote zinaendeshwa na mashirika ya hisani. Ya Cornwall ilitangulia mwaka 1987, ya London ikaanza 1989, ya Wales tarehe 1 Machi 2001. Mgonjwa hatozwi hata senti. Wala huiiti wewe: unapiga 999, na wale wa chumba cha simu ndio wanaoamua ipelekwe gari, helikopta au vyote viwili. Watu wengi hudhani kazi yake ni kubeba tu. La hasha. Inamleta daktari na paramediki pamoja na dawa za usingizi, damu katika mashirika mengi, na vifaa vya kufungua kifua palepale barabarani. Mara nyingi mgonjwa akishatulizwa huenda hospitali kwa gari, na daktari yumo humo ndani pamoja naye. Kwa hiyo ukiiona helikopta imerudi tupu, usidhani fedha zimepotea.

Sasa michango. Vyama vyetu hupoteza fedha mahali pamoja: kila mtu anamtumia mweka hazina pauni 20, naye anatuma jumla kwa jina la umoja. Hapo Gift Aid imekwenda na maji. Gift Aid ni kodi ambayo mtoaji alishailipa. Shirika huidai serikalini, pensi 25 kwa kila pauni 1. Lakini mtoaji lazima awe mtu, ajulikane, na awe amelitangazia shirika kwamba amekubali. Watu 40 wakitoa pauni 20 kila mmoja ni pauni 800, na shirika hupata 200 juu yake bila sisi kuongeza chochote. Ama kila mtu atoe mwenyewe kwenye ukurasa wa shirika, ama tutumie fomu yao ya wadhamini. Fomu inataka jina kamili, namba ya nyumba na postikodi ya nyumbani (si ya kazini), kiasi, tarehe, na tiki ya kukubali Gift Aid. Mstari ukikosa postikodi, mchango ule haudaiwi.

Asiyelipa kodi asitie tiki. Mwanafunzi, au mzazi anayelea watoto bila kipato, akitia tiki kwa kuona haya mbele ya wenzake, HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, inaweza kumdai yeye ile tofauti. Aliyetoa pauni 20 anapaswa awe amelipa kodi ya angalau pauni 5 kati ya tarehe 6 Aprili na 5 Aprili inayofuata. Fedha za tiketi ya bahati nasibu na za sahani ya pilau kwenye hafla yetu hazihesabiki kuwa sadaka, maana mtu amepata kitu. Basi tuweke meza mbili mlangoni: ya chakula, na ya mchango yenye fomu. Tukitaka kusimama na ndoo, tupate kwanza barua ya shirika na ndoo zao zilizotiwa lakiri. Barabarani tunahitaji kibali cha halmashauri, ndani ya duka idhini ya mwenye duka. Nguo kuukuu nazo hupokelewa na mengi ya mashirika haya, ila ziwe kavu. Mfuko mmoja wenye unyevu huozesha kasha zima.

Fedha za kumsafirisha mzazi wa mwanachama hazina Gift Aid kabisa. Ni msaada wa familia, hata tukizichangia watu mia. Msimamo wangu ni akaunti mbili na daftari mbili, na hoja ya kuzichanganya nitaipinga kikaoni.

Kutoka: Muuguzi, Glasgow

Ahsante mweka hazina. Mimi naandika la Tanga, na litakuwa refu.

Huduma ya ndege za madaktari Afrika Mashariki ilianza mwaka 1957, ikiongozwa na daktari mpasuaji Michael Wood pamoja na wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees. Leo AMREF Flying Doctors iko Uwanja wa Wilson, Nairobi. Wanaoweza kulipa hulipa, kwa bima au kwa uanachama wa mwaka, na ziada inayopatikana hurudi kwenye kazi za hisani za shirika la afya la Amref. Kwa maana hiyo mwenye kumlipia mama yake uanachama anamchangia pia mgonjwa wa kijijini asiyemfahamu. Arusha nako kuna Flying Medical Service, ndogo zaidi, inayozunguka vijiji vya mbali na kuitikia dharura.

Jambo la kushika ni kwamba uanachama si bima ya hospitali. Unamfikisha mgonjwa tu; kitanda, upasuaji na dawa ni juu ya familia au bima yake. Kabla ya kulipa ulizeni kikomo cha umri, ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani unahesabiwaje, ndege itampeleka mji gani, na nani mwenye mamlaka ya kusema sasa iruke. Hili la mwisho ndilo linaloliza watu. Mtoto aliyeko Glasgow haamrishi ndege. Daktari wa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, anazungumza na daktari wa kampuni, wanakubaliana kwamba mgonjwa anahitaji matibabu yasiyopatikana pale na kwamba anaweza kuihimili safari. Kazi yako wewe uliye mbali ni kuwaunganisha hao wawili kwa simu mapema, kisha kukaa pembeni.

Kwa mgonjwa aliyeko Bagamoyo sishauri ndege hata kidogo. Ni kilomita sabini hivi kufika Dar es Salaam. Gari la wagonjwa lenye oksijeni na muuguzi litafika Muhimbili au Mloganzila kabla ndege haijapasha injini. Tanga ni habari nyingine: kilomita 350 hivi kwa njia ya Segera na Chalinze, zipatazo saa sita na foleni yake. Kwa ndege kama Pilatus PC-12, Tanga hadi Dar ni nusu saa, na Nairobi ni saa moja hivi. Lakini msihesabu muda wa angani peke yake. Tangu karatasi zikamilike hadi ndege kupaa Wilson wekeni saa moja, kuja Tanga saa moja, na kumtayarisha mgonjwa kitandani na kumpeleka uwanjani saa mbili. Zimeshakuwa nne. Kiwanja kisicho na taa hufungwa jua likizama, na kwetu jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni. Simu iliyopigwa baada ya saa 8 mchana, hesabuni kwamba ndege itakuja kesho asubuhi, na mgonjwa apangiwe usiku wake palepale Bombo.

Kabla ndege haijaondoka, kampuni itadai dhamana ya malipo kwa asiye mwanachama, barua ya rufaa, na uthibitisho wa hospitali inayopokea: jina la daktari aliyekubali, si jina la hospitali tu, na kama ni chumba cha wagonjwa mahututi, kwamba kitanda kipo. Ndege ikitua bila kitanda, mgonjwa hulala kwenye machela mapokezi. Akipelekwa Nairobi anahitaji pasipoti iliyo hai, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, na msindikizaji naye vilevile. Msindikizaji kwa kawaida ni mmoja, na mzigo ni begi laini. Sanduku gumu halina mahali pa kukaa.

Uzito wa mgonjwa utaulizwa mwanzo kabisa. Semeni kweli. Unahusu machela, dawa na mafuta ya ndege.

Sasa mwili wenyewe. Angani hewa hutanuka. Chumba cha ndege kikiwa na shinikizo kama la kimo cha futi 8,000, hewa iliyonaswa mahali huongezeka karibu theluthi moja. Mwenye hewa nje ya pafu, kwa mfano aliyepata ajali ya bodaboda na kuvunjika mbavu, lazima awekewe mrija wa kifuani kabla ya kuruka. Mwenye utumbo ulioziba awekewe mrija wa puani. Aliyefungwa hogo (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) ndani ya siku mbili, hogo lipasuliwe pande zote mbili kwa urefu, la sivyo mguu utavimba na damu itakosa njia. Mrija wa koo una puto lake, na lile hujazwa maji badala ya hewa au hupimwa shinikizo safari nzima. Mzamiaji aliyeumwa baada ya kuibuka haraka arushwe chini sana, au kwenye ndege inayoweza kushikilia shinikizo la usawa wa bahari. Daktari wa ndege anayajua yote haya. Ila mrija uliowekwa Bombo asubuhi unaokoa saa nzima uwanjani.

Nimalizie na oksijeni, kwa sababu hapa ndipo fedha ya umoja ingefanya kazi kubwa kuliko kwenye ndege yenyewe. Wagonjwa wengi wa Tanga watasafiri kwa gari, si kwa ndege. Mtungi mdogo wa kubebeka una lita 680 ukijaa. Kwa lita 10 kwa dakika unakwisha baada ya dakika 68. Kwa lita 5, saa mbili na robo. Safari ya saa sita kwa lita 5 ni lita 1,800, yaani mitungi mitatu, na wa nne wa akiba kwa ajili ya foleni. Gari likiondoka na mtungi mmoja "ulio kamili", oksijeni inaishia njiani kabla ya Chalinze. Vinavyoharibika ni vidogo: ufunguo wa mtungi umepotea, wosha (kipete cha kuzuia kuvuja) ya regyuleta, kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi, imechakaa na gesi inavuja ikipiga mluzi, au mshale unasoma nusu na mtu anasema bado ipo. Nusu ya kipimo ni nusu ya gesi. Mitungi minne, regyuleta mbili, ufunguo uliofungwa kwa kamba kwenye mtungi, wosha kumi za akiba na kipima oksijeni cha kidoleni: hilo ni pendekezo langu kwa kikao.

Kutoka: Mdau, Chumbageni, Tanga

Shikamooni wakubwa. Nipo huku nyumbani, naongeza ya chini, kwa sababu huko juu mmeshapaeleza.

Mama mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura msimsubirishe ndege wala mchango. Kuna mfumo wa m-mama, simu 115, haina malipo. Kituo cha simu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana huita dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa na mfumo. Waambieni wadogo zenu wa Mkinga na Kilindi waihifadhi namba hiyo leo.

Viwanja vya wilayani, kama Mashado kule Pangani, vinahitaji watu. Ndege ikiahidiwa, mtu atembee kiwanja chote kwa miguu, ncha hadi ncha, akitazama mashimo, vichuguu na maji yaliyotuama. Kisha gari lipite katikati kwa kilomita 60 kwa saa. Likirukaruka, rubani aambiwe kabla hajapaa huko aliko. Ng'ombe na mbuzi watolewe nusu saa kabla, na mtu mmoja abaki kila upande, maana wakisikia injini hukimbilia palepale penye uwazi. Masika, Machi hadi Mei, juu panaweza kuwa pakavu na chini tope. Choma kijiti: kikizama kwa urahisi, semeni ukweli. Moshi wa majani mabichi humwonyesha rubani upepo unakotoka, mradi muuwashe pembeni.

Helikopta haihitaji kiwanja, ila inahitaji nafasi safi ya mita 30 kwa 30 isiyo na nyaya. Rubani haoni waya wa umeme. Mwambieni upo upande gani. Uwanja wa mpira wa shule unafaa. Umwagieni maji kwa ajili ya vumbi, na ondoeni mabati, mifuko, magodoro na kanga zilizoanikwa. Watu wakae mbali, wameshika kofia na mitandio. Hakuna kuikaribia helikopta mpaka rubani aashirie kwa mkono, na mkienda mpite mbele anakowaona, kamwe si mkiani. Lushoto kwenye mteremko mkaribie kutoka upande wa chini, kwa sababu upande wa juu mapanga huwa karibu na kichwa. Na huko milimani ukungu wa asubuhi miezi ya baridi huzuia kila kitu mpaka jua lipande.

Kutoka: Katibu, Leicester

Marhaba, mdau. Mmenisaidia sana. Swali moja limeletwa na mwanachama: mgonjwa akipona Nairobi, ndege humrudisha? Na Mungu akimchukua huko?

Kutoka: Muuguzi, Glasgow

Hairudishi, isipokuwa mkataba uliosaini unasema hivyo. Aliyepona hurudi kwa ndege ya abiria au basi kwa gharama ya familia, na akiwa bado amelala itabidi mashirika ya ndege yaombwe nafasi ya machela na cheti cha daktari cha kuruhusiwa kusafiri. Akifariki, kusafirisha maiti kuvuka mpaka ni shughuli nyingine: cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili na kibali cha kuuingiza Tanzania, kwa malipo tofauti. Kwa hiyo fungu la wazazi litengwe sehemu mbili tangu mwanzo, ya kwenda na ya kurudi, na kila familia iandike nani atakuwa msindikizaji na pasipoti yake inakwisha lini.