Msonobari wa Finland wakati wa baridi: unatengeneza chakula au umelala?

Mpandamiti (swali):
Wanajamvi, naomba kueleweshwa. Naishi karibu na Tampere, Finland, ambako msonobari hubaki na sindano zake mwaka mzima. Mwezi Februari nilishika tawi lililokuwa likipigwa na jua nikaona sindano zake zina umanjano, ilhali zilizokuwa kivulini chini yake zilikuwa kijani kibichi. Je, mti huu hufanya usanisinuru (kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri? Na kama haufanyi, hupumua kwa akiba gani?

Bwana Misitu:
Ndugu, tawi hilo limekupa nusu ya jibu. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hunasa mwanga hata kwenye baridi kali, lakini vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za seli) vinavyogeuza hewa ya ukaa kuwa sukari huwa vimezubaa, na maji ya udongoni na ya shinani yameganda. Kwa hiyo nishati iliyonaswa hukosa kazi na inaweza kuliharibu jani lenyewe. Msonobari hujikinga kwa kulimbikiza zeaksanthini, rangi ya manjano ya jamii ya karotenoidi inayosaidia kuitoa nishati hiyo kama joto, na hupunguza pia klorofili yake. Sindano za juani ndizo zilizo hatarini zaidi, ndiyo maana zimegeuka rangi. Kwa baridi uliyoitaja, usanisinuru umesimama, hata kwenye zile za kijani.

Mama Shamba:
Niongeze kuhusu upumuaji, maana wengi huusahau. Seli zilizo hai za sindano, gome na mizizi haziachi kupumua. Hutumia sukari na mafuta yaliyowekwa tangu majira ya joto, na sehemu ya wanga hugeuzwa kuwa sukari ambayo pia huzikinga zisiharibiwe na barafu. Matumizi huwa madogo sana, kwa sababu upumuaji hufuata halijoto: ikipanda nyuzi 10, kasi yake hukaribia kuongezeka maradufu. Mimi hunitia wasiwasi msimu wa vuli wa huko, yaani kabla ya majira ya baridi. Oktoba ikiwa na joto, miti na udongo hupumua kwa nguvu, lakini siku ni fupi na mwanga hautoshi kuirudisha hewa ya ukaa iliyotoka. Kituo cha utafiti wa misitu cha Hyytiälä, kisicho mbali nawe, kimekuwa kikipima mabadilishano hayo ya hewa ya ukaa juu ya msitu wa misonobari tangu miaka ya 1990.

Mkazi wa Mufindi:
Huku Sao Hill, shamba la miti la Mufindi, Tanzania, misindano yetu (misonobari) ya aina ya patula, yenye asili ya Mexico, haijui miezi ya barafu. Kinachoibana ni ukame wa kuanzia Juni hadi Oktoba, ambapo matundu ya majani hufungwa ili kuokoa maji na hewa ya ukaa haiingii ya kutosha.

Mpandamiti:
Asanteni sana. Sasa msonobari wa huku Finland huamka lini?

Bwana Misitu:
Hufuata zaidi joto la siku kadhaa mfululizo kuliko urefu wa mchana. Kati ya Machi na Mei uwezo wake hurudi polepole, na usiku mmoja wa baridi kali waweza kuurudisha nyuma. Hata hivyo huanza kuvuna hewa ya ukaa wiki kadhaa kabla machipukizi mapya hayajafunguka. Ukikata kitawi Februari na kukiweka kwenye maji ndani ya nyumba, mahali pasipo jua kali, sindano zake huanza kurejesha usanisinuru baada ya siku chache tu.