Blitzi ikija: tutawanye wapokeaji au tubakize watu walinde?

Mleta mada:
Wakuu mnaokesha na NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hebu tulijadili hili. Wapinzani wanapotuma watu sita au saba kumvamia kwotabeki, yule mrusha pasi (hiyo ndiyo blitzi), kocha wa timu yenye mpira ajipange vipi?

Mimi natawanya. Wapokeaji watano wote nje, kwotabeki abaki peke yake nyuma. Najua mtaniambia wazuiaji wa mstari wa mbele ni watano tu, kwa hiyo wakija sita mmoja anapita bila kuguswa. Sikatai. Ila kila anayevamia ameacha pengo alikotoka, na ukishatawanya, lainibeka (mlinzi wa safu ya pili) anayenyemelea hana pa kujificha, kwotabeki anamwona mapema. Pasi fupi, haraka, kwenye pengo lile lile. Kwotabeki Tom Brady aliwatesa watu hivyo miaka nenda rudi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hesabu yako ni tamu mpaka ukutane na kocha Brian Flores. Novemba 11, 2021, Miami Dolphins yake ilikuwa inasimamisha watu saba, nane, mbele kabisa. Mara wanakuja wote, mara baadhi wanarudi nyuma kukaba. Lamar Jackson, kwotabeki wa Ravens, alikiona cha moto, Ravens wakalala 22-10. Utamsoma nini mtu anayekuonyesha uongo?

Halafu hizo pasi fupi! Dauni (jaribio) ya tatu kati ya nne, zimebaki yadi 12 kupata dauni mpya, wewe unapata 4, kisha unaingiza mpigaji wa teke awarudishie wapinzani mpira. Bakiza taiti endi (mpokeaji anayezuia pia) na raningi beki (mkimbiza mpira), wazuiaji wawe saba, watatu wakimbie mbali. Kwotabeki akipata sekunde moja ya ziada anawaumiza, maana nyuma hawajaacha mtu wa akiba.

Mchangiaji wa pili:
Na wasipokuja je? Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2025, Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Eagles, hakutuma blitzi hata moja. Wanne wa mbele tu walitosha, Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, akaangushwa mara 6, Chiefs wakachapwa 40-22. Ukibakiza saba kuwazuia wanne, wapokeaji wako watatu wanakabwa na watu saba. Hapo umejifunga mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi namhurumia raningi beki tu. Analipwa kukimbia na mpira, mnamsimamisha kwenye njia ya lainibeka.

Mleta mada:
Hahaha, ndiyo kazi yake! Ila wa pili kanisaidia. Nalegeza kidogo: wapokeaji wanne nje, raningi beki asimame ubavuni mwa kwotabeki. Blitzi ikija anazuia, isipokuja anatoka kupokea pasi. Kulinda kwa watu saba sikubali ng'o, labda tukiwa tumebanwa kwenye mstari wetu wa goli.

Kwako, mchangiaji wa kwanza: hao saba wako wakisimama wamebanana pale katikati, wavamizi wanane si watapita pembeni? Nani anamzuia wa nane?