Tiketi ikikaa kimya, roboti iifunge?

Mleta mada: Wakuu, miradi mingi ya programu huria inatumia roboti (programu inayojiendesha) kufunga tiketi, yaani ripoti za hitilafu au maombi ya watumiaji, zilizonyamaza. Ile ya GitHub, jukwaa la kutunzia msimbo, iitwayo stale, ukiiacha na mipangilio yake ya awali, hubandika lebo baada ya siku 60 za ukimya, kisha hufunga siku 7 baadaye. Mimi naipinga. Aliyeripoti ameshataja toleo, mfumo endeshi na hatua za kuirudia hitilafu. Anayesubiriwa ni msimamizi. Kumlazimisha aliyeripoti aje kuandika "bado ipo" kila baada ya miezi miwili ni kumwadhibu kwa kuripoti vizuri.

Jibu la 1: Nakubali nusu. Rundo la tiketi ambazo hakuna atakayezigusa nalo linampotosha mtumiaji. Bora aambiwe "hatutalifanya" mapema akatafute njia nyingine. Kinachoniudhi ni sababu ya kufunga. GitHub inatenganisha kazi iliyokamilika na kazi isiyo kwenye mpango, lakini watu hubonyeza kitufe bila kuchagua, na tiketi inasomeka "imekamilika". Anayekuja kutafuta anaamini imerekebishwa, anapandisha toleo, na hitilafu iko palepale.

Jibu la 2: Basi ifungeni roboti kamba fupi. Kwenye mipangilio, only-labels (orodha ya lebo ambazo tiketi lazima iwe nazo ndipo roboti iiguse) iwe na lebo moja tu, ya tiketi zinazosubiri taarifa kutoka kwa aliyeripoti. Akijibu, msimamizi aiondoe lebo hiyo siku hiyohiyo, la sivyo saa inaanza tena kuhesabu dhidi ya mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake. Asiyetaka ufungaji kabisa aweke days-before-close: -1. Lebo itabandikwa, tiketi itabaki wazi.

Jibu la 3: Mnaisema roboti, lakini watu nao hufunga mapema mno. Ukiandika "Fixes #214" kwenye ombi la kuunganisha msimbo, tiketi hujifunga mara tu msimbo unapoingia tawi kuu. Toleo je? Huenda likatoka wiki sita baadaye, na muda wote huo watumiaji wanafungua tiketi mpya za hitilafu ileile. Debian, mradi wa mfumo endeshi huria, wana utaratibu ninaoupenda: "Closes:" huandikwa kwenye kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi, hitilafu hufungwa kifurushi kinapopokelewa kwenye hazina, na toleo lililoirekebisha hubaki limeandikwa. Kwingine, sentensi moja inatosha: "Imerekebishwa, itatoka kwenye 2.4.1."

Mleta mada: Hapo kwenye toleo umenishinda. Na tiketi pacha, mbili za hitilafu moja, je? Wengi hufunga ile mpya kwa sababu tu ni mpya.

Jibu la 2: Ibaki yenye hatua za kuirudia hitilafu, hata kama ilifunguliwa jana. Nyingine ifungwe kwa kiungo cha kuielekea, na kama ina kumbukumbu za makosa ambazo ile haina, zihamishwe kwanza.

Jibu la 1: Na msiyafunge mazungumzo ya tiketi kwa kufuli, watu wasiweze kuandika tena, siku hiyohiyo. Aliyefungiwa kimakosa atasemea wapi?