Masikio ya kichanga: tumfunge leso?

Mama Salma: Shikamooni. Kichanga wa siku tano, masikio yamesimama kama mikono ya sufuria. Bibi anataka kumfunga leso kila usiku. Itasaidia?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Leso hapana! Ikiteleza inamkunja sikio kwa mbele, au inamziba pua. Ila msikae, siku tano ndiyo wakati wenyewe. Gegedu, ile nyama ngumu inayolipa sikio umbo, bado laini kwa estrojeni, homoni aliyotoka nayo kwa mama, na kila wiki linazidi kukaza.

Mama Salma: Kwa hiyo tufanyeje?

Shangazi Rehema: Kliniki wanalaza kijiti laini, waya uliovikwa plastiki, kwenye mfereji ulio ndani ya ukingo wa sikio. Halafu wanalibandika sikio kichwani kwa tepe. Linakaa usiku na mchana, wiki mbili hadi sita. Ngozi ikiwa nyekundu au ikichubuka, kitolewe.

Baba Tunu: Na kaka yake wa darasa la kwanza? Yale yale.

Dokta Hamisi: Huyo tepe imempita, gegedu limeshakomaa. Ni ya ukoo hayo. Ama mkunjo wa juu haukujikunja, ama bakuli la sikio, lile shimo linalozunguka tundu, ni refu mno, na mara nyingi yote mawili. Upasuaji huanzia miaka 5 au 6, sikio likiwa limekaribia ukubwa wa mtu mzima. Mwenyewe awe anautaka, la sivyo bendeji ataing'oa.

Baba Tunu: Wanakata wapi?

Dokta Hamisi: Nyuma ya sikio, kovu linajificha. Mkunjo unaundwa kwa nyuzi tatu au nne zisizoyeyuka, zinaitwa nyuzi za Mustardé. Bakuli refu linavutwa nyuma na kushonewa kwenye utando wa mfupa ulio nyuma ya sikio, hizo zinaitwa nyuzi za Furnas. Hapo pana mtego: uzi ukiwekwa vibaya, bakuli linasogea mbele na kubana tundu la sikio. Na ukivuta katikati tu, juu na chini vinabaki nje, sikio linafanana na mkono wa simu ya zamani.

Mama Salma: Kusikia je?

Dokta Hamisi: Hakuguswi.

Shangazi Rehema: Bendeji kama wiki moja, kisha mkanda wa kichwa usiku, wiki nne hadi sita. Maumivu yakizidi upande mmoja, msingoje asubuhi. Huenda damu imejaa na kulitenganisha gegedu na utando unaolilisha. Likifa, sikio linajikunyata. Na kama kuna mtu kwenu aliyetoboa masikio akaota keloidi, yaani kovu linalovimba, daktari aambiwe kabla ya kisu.

Mama Salma: Ahsanteni, kesho kliniki.

Shangazi Rehema: Msimpake mafuta nyuma ya masikio, tepe haitashika.